Jicho la Fundi Saa: Mashine Ilikosea, au Mtu Kaigonga?

Toleo lililopita niligusia kidogo sarafu zenye kasoro zinazopita mikononi mwetu kila siku, nikasema mwenye nayo atume picha. Mmetuma, na mhariri kanipa safu nzima. Kwa hiyo wenye saa zilizosimama mtanisubiri mwezi ujao.

Ombi moja kabla ya yote. Picha ipigwe mchana, karibu na dirisha, pande zote mbili za sarafu. Hizi za kupiga usiku kwa tochi ya simu naona mng'ao tu. Hata nikiweka kioo changu cha kukuzia juu ya simu, hakuna ninachopata.

*

Shikamoo Fundi. Mimi ni kondakta hapa Mwanza, gari zetu zinakwenda Buhongwa. Nimepokea mia ambayo picha imesogea. Swala wamebanwa upande mmoja, kuna aliyekatwa miguu, na upande wa pili pako patupu kabisa, hakuna herufi. Wenzangu wanasema ni feki, nimrudishie abiria kwenye chenji iniondokee. Nifanyeje?
*Konda wa Buhongwa*

Marahaba mwanangu. Usimpe abiria.

Kwanza tuondoe hilo la feki. Anayetengeneza pesa bandia anataka ipite bila kutazamwa mara mbili, hawezi kuhangaika kutengeneza ya kupinda ili kila mtu aishangae. Mia iliyopinda namna hiyo, mara nyingi ama ni ya kiwandani kweli, ama kuna mtu ameichezea. Swali ni lipi kati ya hayo mawili, na jibu unalipata ukijua sarafu inavyozaliwa.

Kiwandani wanaanza na bamba refu la madini. Wanakata humo visahani vya mviringo, vitupu, bila picha. Kila kisahani kinabanwa pembeni ukingo uinuke kidogo. Kisha kinaingia mahali pake: muhuri mmoja chini, mwingine juu, na pete ya chuma imekizunguka ili kisitawanyike. Mihuri inagonga mara moja kwa nguvu, picha zote mbili zinatokea kwa pigo lile lile. Mashine inafanya hivyo mamia ya mara kwa dakika, kwa hiyo siku moja moja kisahani hakikai vizuri. Nusu iko ndani, nusu imening'inia nje ya pete, na mihuri haijui, inagonga tu.

Sasa ichukue mia yako. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada pale pale patupu, uigeuze bila kuachia. Chini ya kidole cha pili, upande wa Nyerere, nako kuwe patupu. Mihuri yote miwili inagonga eneo moja, haiwezekani swala wasogee halafu Mwalimu abaki katikati. Kama Mwalimu yuko palepale alipozoea kukaa, basi huko patupu pamepigwa tupa, na ukiinamisha kwenye mwanga utaona mikwaruzo imelala upande mmoja.

Jambo la pili ni umbo. Ile sehemu iliyokuwa nje ya pete haikuwa na cha kuizuia, madini yalijitandaza, kwa hiyo sarafu ya kweli ya namna hii huwa si duara kamili. Ipeleke pia kwa sonara yeyote mwenye mizani ndogo, aipime pamoja na mia nyingine ya mwaka ule ule. Uzito ulingane. Iliyopigwa tupa imepoteza.

Ikishinda mitihani hiyo, itie kwenye bahasha ya karatasi, peke yake, isigusane na funguo. Kusogea kidogo ambako herufi zote bado zipo hakuna anayejali. Wakusanyaji wanapenda ile iliyosogea sana lakini mwaka bado unasomeka. Bei sikutajii, kwa sababu hapa kwetu hakuna orodha ya bei ya sarafu kama hizo. Mkusanyaji atakupa anachojisikia, nawe utakubali au utakataa.

Na kwa kuwa umeniuliza vizuri, nikuongezee. Kuna kasoro nyingine utakutana nayo kwenye mifuko ya nauli: sarafu iliyoumwa pembeni, pamekosekana kipande cha mviringo. Mama anakata mandazi kwa glasi; akiiweka glasi ikagusa tundu la andazi lililotangulia, linatoka andazi limepungua ubavu. Bamba la madini nalo ni hivyo hivyo. Lakini mtu mwenye tupa ya duara anaweza kuiga. Dawa yake ni kutazama upande wa pili, mkabala kabisa na palipoumwa. Kisahani kilichopungua kinapobanwa ili ukingo uinuke, mkabala na pengo hakuna cha kukikaza, kwa hiyo hapo ukingo hufifia, kama haukuinuka. Wenye tupa hawalijui hilo. Wanatengeneza pengo zuri, halafu upande wa pili ukingo umesimama imara, wanajikamatisha wenyewe.

*

Fundi, nina mia mbili ya simba. Nikiigeuza, simba wanakuwa wameinama kidogo. Ni tajiri mimi?
*Bukoba*

Bado, endelea kulima. Sarafu zetu unazigeuza kama unafunua ukurasa wa kitabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na picha ya nyuma inapaswa kusimama wima. Ikiinama kidogo ni muhuri uliolegea tu, zimo nyingi. Ukipata ambayo simba wamelala ubavu kabisa, au miguu juu, hiyo niandikie.

*

Mzee Fundi shikamoo. Nauza chakula Msamvu, Morogoro. Kwenye pesa za asubuhi nimekuta mia tano ya nyati yenye namba mbili mbili, kama macho yangu yameona pacha. Mwanangu kasoma mtandaoni kwamba sarafu yenye herufi mbili mbili ni ya thamani sana huko Marekani. Nimeambatisha picha.
*Mama Lishe wa Msamvu*

Marahaba dada yangu. Picha yako ni nzuri kuliko zote, nimeitazama kwa raha.

Mwanao hajakosea, ila kuna mambo mawili yanayofanana sana. Huko Marekani kuna senti ya mwaka 1955 ambayo maandishi yake ni mawili mawili waziwazi, na kweli watu wanaitafuta mpaka leo. Pale kosa lilikuwa kwenye muhuri wenyewe. Enzi hizo muhuri ulitengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, na ule wa 1955 mara ya pili haukukaa palepale. Ukazaliwa na maandishi mawili. Kila senti iliyopigwa na muhuri ule ikatoka hivyo hivyo.

Yako ni jamii nyingine. Tazama ile 5. Pembeni yake kuna ngazi ndogo, bapa, inayong'aa, na imelala chini, usawa wa uwanja wa sarafu. Na tumbo la 5 yenyewe limekuwa jembamba kuliko la mia tano ya kawaida. Maana yake muhuri ulipokuwa unainuka baada ya kugonga, ulitikisika ukaikwangua namba ambayo imetoka kuzaliwa. Umekula kwenye namba, haujaongeza. Mia tano iliyofuata kwenye mashine ile huenda ilitoka salama.

Muhuri wenye maandishi mawili unafanya kinyume. Namba inanenepa, zote mbili zina mgongo wa mviringo na urefu mmoja, na kwenye pembe za herufi unaona mpasuko mdogo, kijinafasi kati ya pacha na pacha. Halafu, hili ndilo muhimu, lazima ziwepo nyingine kama hiyo. Muhuri mmoja unapiga sarafu maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo ukiona namba pacha, usikimbilie mnunuzi. Kagua mia tano zinazoingia sufuriani kwako mwezi mzima. Ukipata ya pili yenye upacha ule ule, mahali pale pale, hapo tuzungumze.

Hii ya sasa ni mia tano halali. Kanunue nyanya.

*

Mia tano yangu ina kitu kinacheza. Nikiiinamisha inaonesha 500, nikiinamisha tena inaonesha BOT. Ni kasoro gani hiyo?
*Singida*

Hiyo ni kazi yao Benki Kuu, imewekwa makusudi tangu mia tano ya sarafu ilipoingia mwaka 2014, ili bandia ijulikane. Isipocheza ndiyo uanze kuwa na wasiwasi.

*

Habari ya huko Tanga, Mzee. Nafuata safu yako nikiwa Nakuru. Marehemu babu aliacha mkebe wa shilingi za Kenya. Kuna ya Moi nyeupe na ya Moi ya njano, na ya njano ni ndogo. Pia nina Kenyatta mwenye jina limemzunguka na Kenyatta asiye na jina. Hizi zisizofanana na zingine ndizo zenye makosa?
*Mjukuu, Nakuru*

Salama mwanangu, na pole kwa babu. Aliyeacha mkebe wa namna hiyo alikuwa mtu wa macho.

Hakuna kosa hata moja hapo. Ulichonacho ni matoleo, na ukiyapanga unapata historia ya nchi yako kwenye kiganja. Kenyatta asiye na jina ndiye wa mwanzo kabisa, 1966 mpaka 1968. Kuanzia 1969 wakamzungushia maandishi. Moi anaingia 1980, shilingi nyeupe, kubwa. Mwaka 1995 shilingi yake inapunguzwa, inavikwa rangi ya njano. Mwaka 2005 Kenyatta anarudi, shilingi inakuwa nyeupe tena. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na tarehe 11 Desemba 2018 shilingi ya twiga ikazinduliwa. Twiga huyo humwoni kwenye mkebe kwa sababu babu huenda hakumwahi.

Sasa nikupe mchezo. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Kenyatta wa miaka ya sitini na sabini hashiki, ni shaba na nikeli tupu. Moi wa njano anashika, kwa sababu ndani ni chuma, njano ni ganda tu. Kenyatta wa 2005 anashika. Lakini Moi mweupe mjaribu mmoja mmoja. Wa mwanzo hashiki, wa mwishomwisho anashika, na kwa macho matupu ni vigumu kuwatofautisha. Huko ndiko raha ya kazi hii ilipo, kuliko kwenye hizo kasoro mnazozikimbilia.

Mia nyeupe aliyoniuliza msomaji wa Iringa naijibia hapa hapa. Mia yetu nayo ni chuma kilichovikwa ganda la njano, ndiyo maana inashika sumaku. Ikitoka nyeupe, ama ganda halikuwahi kuwekwa, ama mtu kaitumbukiza kwenye maji ya betri. Iliyokula asidi ina uso wa vishimo na herufi zimelainika. Isiyovikwa kiwandani herufi zake ni kali, ila itakuwa imeanza kutu haraka. Yako, ndugu wa Iringa, imelainika.

*

Fundi hujambo. Mimi niko Likoni. Kijana wangu ameleta mbao, yaani sarafu ya shilingi ishirini ya Kenya, ambayo haina kati, imebaki pete peke yake. Yuasema ameiokota hivyo. Ina bei?
*Baba Swalehe*

Sijambo ndugu yangu, nawe hujambo na vijana wako.

Sarafu hizi za madini mawili, kumi tangu 1994, tano tangu 1995, ishirini tangu 1998, zinaingia mashineni zikiwa vipande viwili vilivyotengana: pete, na kidonge cha kati kimelazwa ndani yake. Pigo moja la muhuri linachapa picha na papo hapo linavibana vikashikana. Ili vishikane vizuri, kidonge huwa na mfereji ubavuni na madini ya pete yanaingia humo.

Kwa hiyo chukua pete ya kijana utazame ukuta wake wa ndani. Ukikuta mstari ulioinuka umezunguka ndani ya tundu, hapo kidonge kilikuwepo, kikatolewa. Kwa nyundo na msumari haichukui muda, na wavulana wa pwani yote wanaujua mchezo huo. Lakini kama pete ilipigwa kweli ikiwa tupu, pigo linasukuma madini kuelekea ndani kwa kuwa hakuna cha kuyazuia. Ukuta wa ndani unavimba, ni laini, hauna mstari, na herufi zilizo karibu na tundu zimevutwa kidogo kuelekea katikati.

Nilivyoona pichani mstari upo, tena una jeraha la msumari upande mmoja. Kijana usimchape. Ila aulizwe kidonge kiko wapi.

*

Nina shilingi ya Nyerere ya 1966, ile yenye mkono na mwenge. Mtu mtandaoni kaniambia ataichukua kwa milioni 45, ila nitangulize elfu 80 ya uhakiki. Nitume?
*Dodoma*

Ile pesa tuma kwenye namba hii! Wewe unayajua hayo, halafu unaniuliza mimi?

Shilingi ya mwenge ya 1966 ilipigwa kwa mamilioni, imelala kwenye vikombe vya kabatini nchi nzima. Mnunuzi wa kweli anatoa pesa, haombi. Akisema ada, ushuru, bima au "cheti", mfungie simu.

Na wale watatu mlioniuliza kuhusu rupia ya Mjerumani kwamba inavuta radi, inameza punje za mchele, sijui ina zebaki: ni fedha, gramu 11 na nusu na ushei. Mchele hauli. Ina bei yake ya halali kama sarafu ya zamani, na watu wameuza mashamba kwa ajili ya hadithi zake.

*

Shikamoo Babu Fundi. Nalima karibu na Tabora. Wakati wa kuchimba msingi nimepata sarafu za njano zimeandikwa 20 HELLER, mwaka 1916, juu kuna taji. Ziko tano na hazifanani, moja ina taji kubwa kuliko nyingine. Zimechapwa ovyo, nyingine picha imekwenda upande. Hapa naona zote ni kasoro. Ni kweli?
*Mkulima wa Tabora*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na chai ikapoa.

Heller zilikuwa senti za Mjerumani, na hizo zako zilizaliwa hapo hapo kwenu. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika. Askari wanadai mshahara, wapagazi wanadai posho, sokoni hakuna chenji. Serikali ya Mjerumani ikiwa imekimbilia Tabora, mwaka 1916 ikageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Mafundi wa garimoshi, mashine za kazi nyingine kabisa, madini ya kuokoteza: maganda ya risasi na mizinga kwa zile za njano, shaba nyekundu walikoipata kwa zile nyekundu. Mwezi wa tisa mwaka huo huo, tarehe 19, Wabelgiji wakaingia Tabora na kiwanda kikaisha. Ile herufi T chini ya mwaka ni Tabora. D.O.A. ni Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kifupi cha wenyewe.

Kwa hali hiyo, picha kwenda upande, ukingo kufifia, uso kuwa na mikunjo, kwenye heller ya Tabora si habari. Ndivyo zilivyo. Sarafu ya Tabora iliyonyooka ndiyo ya kushangaza. Kwa hiyo sahau kasoro, tafuta aina.

Ulishaanza vizuri kwa kuona taji. Kuna muhuri wa taji kubwa na muhuri wa taji dogo. Sasa geuza, soma neno HELLER, utazame herufi L zilivyomaliziwa kwenye ncha. Kuna sarafu ambazo L ya pili peke yake imejikunja ncha. Kuna ambazo L zote mbili zimechongoka. Na kuna ambazo zote mbili zimejikunja. Kwa hiyo una mataji mawili, miisho mitatu ya L, na madini mawili. Hesabu mwenyewe mchanganyiko unaowezekana. Baadhi ya michanganyiko hiyo hupatikana kwa urahisi na mingine wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi, na mwenye sarafu tano kutoka msingi mmoja anaweza kuwa na ya kawaida nne na moja inayotafutwa.

Usizioshe. Narudia, usizioshe. Msomaji wa Kondoa kanieleza jinsi alivyoisugua yake kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa. Ameondoa ngozi ya miaka mia, na zile ncha za L ambazo ndizo za kusomea zimekwenda na majivu. Udongo loweka kwenye maji safi, usiku kucha ikibidi, uache uanguke wenyewe, kisha kausha kwa kugusisha kitambaa bila kusugua.

Utasikia pia habari za ndovu wa dhahabu. Yupo kweli, kachorwa kwenye rupia 15 za Tabora za 1916, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, zikapigwa elfu 16 hivi. Hata yeye ana aina mbili: pambo la kulia linaishia chini ya T, au chini ya A ya kwanza, ya neno OSTAFRIKA. Lakini bandia zake ni nyingi, kwa hiyo anayekuja kukubadilishia hizo heller tano kwa ndovu mmoja, mpe maji ya kunywa, aende zake.

Nitumie picha ya herufi L za zote tano. Karibu na dirisha.

*

Fundi, salamu kutoka Leicester. Mimi ni mzaliwa wa Dar, huku nafanya usafi hospitali. Rafiki kazini anasema nitazame senti 20 za huku zisizo na mwaka. Kila nikitazama upande wa nyuma sioni mwaka, kwa hiyo ninazo nyingi! Kweli?
*Dada wa Leicester*

Salamu nimezipokea dada, na pole kwa baridi. Rafiki yako kasema kweli, ila hakumaliza.

Mpaka 2008 senti 20 ya Uingereza iliandikwa mwaka nyuma, upande wa ua. Mwaka huo wakaleta picha mpya, kipande cha ngao, mchoro wa Matthew Dent. Humo mwaka haukuwa na nafasi, ukahamishiwa upande wa kichwa cha Malkia. Kwa hiyo za ngao zote ni kawaida kutokuwa na mwaka nyuma. Geuza utazame mbele.

Kosa lilitokea walipofunga mashineni muhuri mpya wa ngao pamoja na muhuri wa zamani wa kichwa. Mbele hamna mwaka kwa kuwa ni wa zamani, nyuma hamna kwa kuwa ni mpya. Zikatoka mitaani bila mwaka popote, na kiwanda chao kilikadiria ni kati ya 50,000 na 200,000. Hii ndiyo kasoro ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kila muhuri peke yake uko sawa na hakuna kilichopinda. Unaweza kuishika miaka usijue.

Wajanja wanachukua ya ngao wanafuta mwaka mbele. Uliofutwa unaacha uwanja umeshuka na umekwaruzika, na maandishi yamekaa kwa mpangilio wa muhuri mpya. Weka kando yake senti 20 ya 2007 yenye ua ulinganishe vichwa: herufi kwa herufi vifanane.

*

Assalamu alaikum Fundi. Niko Lamu. Nina mfuko wa senti kumi za tundu, nyingine zina jina la Mfalme Edward wa Nane, 1936. Nimeambiwa ni adimu kwa kuwa mfalme huyo hakuwahi kuvikwa taji.
*Mwana wa Langoni*

Waalaikumu salaam. Kisa ni cha kweli, hitimisho silo. Edward alikalia kiti Januari 1936 na kujiuzulu Desemba mwaka huo huo, kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, ni jina tu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kusubiri mchoro wa uso. Wakabadilisha jina, wakapiga kwa mamilioni, zikaletwa Afrika Mashariki. Mfalme huyu hapa kwetu anapatikana kwa urahisi kuliko kwake.

Tazama herufi ndogo. Yenye H ilipigwa na Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, isiyo na kitu ni ya London. Pata zote tatu, umekamilisha 1936 yako bila kutoa hata shilingi.

Halafu matundu. Tundu hutobolewa kwenye kisahani kabla ya kupigwa picha, kwa hiyo likikaa kando, picha inalizunguka mahali pasipo pake na duara lililochorwa kulizingira linaonekana limeachwa peke yake upande mmoja. Tundu lililopanuliwa baadaye kwa msumari, ili senti ipite kwenye uzi wa shanga, lina midomo iliyogeuka nje. Mwaga mfuko wako mkekani uyapitie. Lenye mdomo laini na limehama, nipigie picha.